Chumba cha Ng'ambo ya Kijito

Ukitaka mtu wa kumlaumu, mlaumu Attracta Moylan na uchu wake wa jua la asubuhi. Tangu aolewe alikuwa akipika katika jiko lililotazama kaskazini, ukuta unatoka jasho, nguo hazikauki, mkate unaota ukungu kabla haujaliwa nusu. Basi siku Festus mumewe alipouza ng'ombe vizuri akasema sasa tujenge vyumba viwili vipya, jiko na chumba cha kulala, mama hakutaka kujua bati wala rangi. Alisema neno moja tu: mashariki. Vyumba vikajengwa mashariki. Kijito kilichopita nyuma ya nyumba kikatiwa ndani ya bomba, zege likamwagwa juu yake, na hakuna hata mtu mmoja aliyekumbuka kwamba kile kijito ndicho mpaka wa parokia ya Cloonavra na parokia ya Tullyfad.

Hata mmoja! Na Festus huyo ni mtu ambaye ukimkurupusha usingizini atakuonyesha mpaka unapita kwenye kichaka gani, jiwe gani, na nani alilisogeza jiwe lenyewe mwaka gani. Waliokoroga zege walikuwa wachezaji wa Cloonavra, wakiimba. Padri Lavelle akaja, akavibariki vyumba, akala keki, akaenda zake. Kijana wao Enda akahamishia kitanda chake kwenye chumba kipya, akalala, na kwa mujibu wa sheria akawa amehamia ugenini bila kutoka nyumbani kwa mama yake.

Maana mpira wa watu hawa, ule wa kudaka kwa mikono na kupiga kwa mguu, sheria yake kubwa haiko uwanjani. Iko kitandani. Unachezea parokia unayolala, basi. Hununuliwi, huuzwi, huhami kwa sababu umegombana na kocha. Unaweza kubadili kazi, ukabadili chama cha siasa, ukabadili hata dini ukiwa huna huruma na presha ya mama yako, lakini klabu ni ile uliyozaliwa nayo, na utazikwa nayo, jezi juu ya jeneza.

Na haya yote yakafumka wiki ya fainali, Cloonavra dhidi ya Tullyfad.

*

Aliyeyafumua ni Colman Heneghan, katibu wa klabu ya Tullyfad, na kikulacho ki nguoni mwako, kwani Colman ni kaka yake Attracta, tumbo moja. Alimsubiri dada yake nje ya kanisa la Cloonavra baada ya misa, kofia mkononi, tabasamu limefika masikioni.

"Dada, hongera kwa vyumba," alisema. "Vinapendeza. Nilikuwa napita na trekta juzi nikasema, kumbe dada yangu amerudi kwao."

"Nimerudi kwetu wapi?"

"Tullyfad. Umejenga kwetu. Karibu sana." Colman akacheka peke yake. "Na kijana wako naye karibu. Analala chumba kipi vile?"

Attracta akaanza kujibu, akaona njia inakoelekea, akafunga mdomo. Lakini uso wake ulikuwa umeshajibu.

"Colman, usithubutu."

"Sijathubutu kitu. Nimeandika tu pingamizi kwa kamati ya kaunti. Bwana Tarpey atakuja Alhamisi kupima."

"Mtoto wa dada yako! Fainali ya mwaka wa mia wa klabu!"

"Ya kwao miaka mia, ya kwetu tisini na nane," alisema Colman, na sasa hakuwa akicheka. "Mimi ni mjomba wake siku zote za wiki, dada. Jumapili mimi ni katibu." Akavaa kofia yake akaondoka.

Sasa lazima ujue Enda alikuwa nani. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mrefu kama mlingoti, kazi yake kiwanda cha mbao, na mpira ukiwa juu hewani hakuna mtu katika kaunti nzima aliyeweza kumwahi. Cloonavra walikuwa na wachezaji kumi na sita kwa jumla, na timu ya mpira huu ni watu kumi na watano; wengine wote wako London na Boston wanamwaga zege la watu. Kati ya hao kumi na sita mmoja alikuwa na miaka arobaini na nne na goti bandia. Bila Enda, hiyo si fainali, ni matanga.

*

Mezani siku hiyo kulikuwa na nyama ya nguruwe, kabichi na viazi, na hakuna aliyekula isipokuwa mzee.

Mzee ni Malachy, baba yake Festus, umri sabini na tisa. Mwaka 1933 alikuwa kapteni wa Cloonavra. Mwalimu mkuu alikuwa akiandika historia ya klabu kwa ajili ya sherehe za miaka mia, na kila alipokwama alikuja kumwuliza Malachy, kwa hiyo historia yenyewe, ukiitazama vizuri, ilikuwa imekaa pale kwenye kiti karibu na moto ikipaka siagi kwenye kiazi.

"Ni yaleyale," alisema Malachy, hana wasiwasi. "Yaleyale ya thelathini na tatu. Tuliwapiga Tullyfad kwa goli moja na pointi mbili, kombe likakaa hapo, juu ya meko, siku kumi. Mama akaliwekea maua. Kisha pingamizi. Kisa? Jimmy Durkan, mchezaji wetu, alikwenda kumsaidia shangazi yake kukausha majani ya ng'ombe, akalala huko wiki mbili. Parokia nyingine. Wakaja na baiskeli wakalichukua kombe, maua wakayaacha mezani."

"Na aliyeandika pingamizi..." alisema Festus, kisha akamtazama mkewe, akakohoa.

"Sema tu," Attracta akasema. "Ni marehemu baba yangu. Kwani kuna mtu hapa hajui? Nilipoolewa hapa wanawake wa klabu walinikalisha miaka mitatu kupaka mkate siagi. Birika la chai nisiguse. Mkono wa Tullyfad usimimine chai ya Cloonavra, eti itachacha."

"Ilikuwa miaka miwili," alisema Festus.

"Mitatu!"

"Hao ndio waliotuibia nguzo za goli," Malachy akaendelea, maana akishaanza historia hasimami kituoni. "Mwaka wa ishirini na moja. Tukazitafuta mwaka mzima. Kumbe wameezekea zizi! Mpaka leo ng'ombe wa Tullyfad wanazaa chini ya goli letu. Na mwaka wa hamsini na saba tulipopungukiwa, vijana wote wamepanda meli, tukamweka padri golini kwa jina la uongo. Alidaka vizuri yule. Matusi yake tu ndiyo yalikuwa makubwa kuliko ya kila mtu, askofu akapata habari."

Enda akacheka. Ndivyo alivyokuwa, hakuwa mtu wa kununa. Lakini mama yake aliona kwamba hajagusa sahani.

"Tukisogeza kitanda?" alisema Festus. "Leo hii. Tunakirudisha chumba cha zamani."

"Baba, mjomba ameshapita na trekta," alisema Enda. "Ameona mapazia yangu. Pazia lina picha ya mpira, baba. Nani mwingine analala mle, wewe?"

Festus akapiga meza kwa kiganja, viazi vikaruka. "Kwa nini tulijenga upande ule? Nani alisema mashariki?"

Attracta akainuka, akaanza kukusanya sahani zilizojaa chakula, macho yanamwasha. Jua, ndiyo, alilitaka. Na lilikuwa limeingia jikoni mwake miezi ile michache, likamkalia begani kama paka, naye akafurahi kama mtoto. Sasa aliliona ni la wizi.

*

Kumbe jibu lilikuwamo humohumo ndani, na Attracta alikuwa akilijua tangu kijiko cha kwanza.

Enda hakuwa akilala chumba kipya. Kitanda chake kilikuwa mle, mapazia mle, viatu vya mpira chini ya dirisha, lakini mwenyewe hakulala mle. Tangu mwezi wa tatu alikuwa akilala chini, kwenye godoro, kando ya kitanda cha babu yake, katika chumba kikongwe kuliko vyote vya nyumba ile, Cloonavra tupu kuanzia msingi mpaka paa.

Ilianza hivi. Mzee alianguka ukumbini akienda msalani, akakaa sakafuni mpaka baridi ikamwingia mifupani, hakuita mtu. Enda ndiye aliyemkuta. Tokea hapo, watu wakishalala, kijana anaburuta godoro lake kwenda kwa babu. Mzee akitaka kutoka, anamshika mkono, anampeleka, anamsubiri mlangoni, anamrudisha. Siku nyingine mzee anachelewa, shuka zinabadilishwa. Alfajiri, Festus akishaenda kukamua, godoro linarudi chumba kipya, kitanda kinavurugwa kidogo kionekane kimelaliwa.

Attracta aligundua kwa sababu ya shuka. Mwanamke anayefua haongopewi. Alimbana mzee, na mzee akamwapisha.

"Festus asijue," alikuwa amesema. "Wala mtu wa nje. Nimebebwa mabegani mimi, mwanangu, toka uwanjani mpaka kijijini, maili tatu. Nisije nikajulikana kwa hili."

Naye aliapa. Kwa hiyo sasa, Festus alipotoka kwenda kulisha ng'ombe hasira na Enda kwenda mazoezini, Attracta alikaa kwenye kigoda mbele ya mkwe wake, akafuta mikono kwenye aproni.

"Baba, unajua ninachotaka kusema."

"Najua. Hapana."

"Neno moja tu kwa Bwana Tarpey. Nitamwambia mimi, pembeni."

"Pembeni! Tarpey ana mke, mke ana dada, dada yake ana duka. Ijumaa watakuwa wanasema hadi ofisi ya posta, Malachy Moylan anapelekwa haja kama mtoto." Akachokoa moto ambao haukuhitaji kuchokolewa. "Mwalimu ananiandika kwenye kitabu, Attracta. Picha yangu ndiyo ya kwanza. Nimekunja mikono, nina misuli. Watu watatazama ile picha, watacheka."

"Hawatacheka."

"Mimi ningecheka! Ningekuwa Tullyfad ningecheka mpaka nipaliwe."

Na ilikuwa kweli, angecheka.

"Mficha uchi hazai, baba," alisema Attracta, taratibu.

"Nimeshazaa," alisema mzee. "Inatosha."

Jioni Attracta alimfuata Enda bandani alikokuwa akisafisha viatu vyake. Hakuhitaji kueleza. "Ukimsema babu," alisema kijana, "sichezi hata nikiruhusiwa. Nisikilize, mama. Mpira upo mwakani. Mwakani babu hayupo, pengine. Mwache." Akaendelea kusugua kiatu ambacho kilikuwa kisafi kitambo. Attracta alijivunia mwanawe mpaka kifua kikamuuma, na papo hapo alitamani kumzaba kofi.

*

Alibakiwa na njia moja, ya kwenda kumpigia magoti kaka yake. Jumatano alioka mkate wa zabibu, akaufunga kwenye kitambaa, akapanda baiskeli mpaka nyumba aliyozaliwa. Colman alimkaribisha vizuri, chai, kiti cha karibu na moto. Mkewe akaukata mkate, wakala wote, wakausifu. Kisha Attracta akaomba.

"Ondoa pingamizi, Colman. Kwa ajili yangu. Sijawahi kukuomba kitu."

"Uliniomba baiskeli mwaka sitini na tatu."

"Na hukunipa."

Colman alijikuna shingo. Hakuwa mtu mbaya, na hapo ndipo ugumu ulipokuwa; mtu mbaya unamtukana unaondoka. "Dada, sikia. Nikiondoa, vijana wangu watasema katibu ametusaliti kwa sababu ya mpwa wake. Nitakaa wapi kanisani? Sheria ni sheria. Baba yetu angefanya hivyohivyo."

"Baba yetu alichukua kombe juu ya meko ya watu, kwa sababu ya majani makavu!"

"Na lilikuwa halali yetu," alisema Colman, shingo imekuwa nyekundu.

"Ungejua yaliyomo katika nyumba ile ungeona aibu."

"Yapi?"

Ulimi ulikuwa tayari. Ungeteleza kidogo tu, mambo yangekwisha. Attracta alikunywa chai ikamwunguza, akasimama, akakunja kitambaa chake. "Nibaki na nusu ya mkate wangu," alisema. Akauchukua kweli, mkononi mwa mke wa Colman, akaondoka nao. Njiani alilia kidogo, kisha akaula.

*

Alhamisi, jua lingali juu, Bwana Tarpey alifika na futi kamba ndefu, ramani, na viatu vya mjini. Colman alikuja na mashahidi wawili wa Tullyfad waliojipaka mafuta nywele kama wanakwenda harusini. Nje ya ua kukajaa watu wa Cloonavra, hakuna aliyealikwa, kila mmoja alisema alikuwa anapita tu, na ile njia haiendi popote.

Wakapima. Festus alikuwa akiwafuata nyuma na hoja zake, masikini, amezitunga usiku kucha. Kwanza alidai kijito kiliwahi kupita mbali zaidi, ng'ombe ndio waliokisogeza kwa kunywa. Tarpey akauliza ng'ombe gani. Kisha Festus akadai bomba si kijito. Kisha akadai mtu hapimwi kwa kichwa anapolala bali kwa miguu, kwa kuwa huu ni mpira, na akajaribu kuonyesha namna kitanda kinavyoweza kugeuzwa.

"Shemeji," alisema Colman, "hata ukikisimamisha wima, kiko Tullyfad."

Watu wa nje, sasa wamesogea dirishani, walicheka, ingawa ni wa Cloonavra, wakajizuia wakachelewa. Festus aligeuka mwekundu kama nyanya. Futi kamba ilitandazwa toka bomba linapoingilia hadi linapotokea, na mstari ukapita barabara kwenye ukuta wa zamani wa nyumba. Chumba kipya chote, pazia, kitanda, viatu, kilikuwa ugenini, hakuna hata tofali la kubishania.

"Naona hapa hakuna mjadala," alisema Tarpey, akianza kuikunja kamba yake. "Kijana, hiki ni kitanda chako?"

"Changu," alisema Enda.

"Na ndipo unapolala?"

Attracta alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Enda hakujua kusema uongo; hajafundishwa, na sasa mama yake aliona huo ulikuwa upungufu wa malezi. Kijana alitazama chini, akatazama dirisha, akafungua kinywa. Angesema ndiyo. Alikuwa anajitoa mwenyewe, hivihivi, kwa neno moja.

"Halali hapo."

Malachy alikuwa amefika ukumbini, ameshika ukuta kwa mkono mmoja. Alikuwa amevaa koti la Jumapili na tai. Hatua kutoka chumbani kwake hadi pale si nyingi, lakini alitweta.

"Baba, rudi ukae," alisema Festus.

"Nyamaza, Festus. Bwana Tarpey, andika. Kijana analala kwangu. Sakafuni, kando ya kitanda changu, tokea mwezi wa tatu. Godoro liko nyuma ya mlango huo, analirudisha hapo alfajiri, tizama, bado lina alama ya mgongo wake. Analala kwangu kwa sababu siwezi kwenda msalani peke yangu. Nikienda, naanguka. Ananishika mkono. Na siku nisipowahi, ananifulia yeye na mama yake." Akapumua. "Nimesema kwa sauti, walio dirishani nao wamesikia? Au nirudie?"

Hakuna aliyetaka arudie.

"Baba," alisema Festus, na sauti ilikuwa ya mtoto. "Mimi niko chumba cha pili. Kwa nini hukuniita mimi?"

"Wewe ukikoroma ni mashine ya kukamulia," alisema mzee. "Nitakuitaje? Nami sikutaka ujue. Ulikuwa unawaambia watoto shuleni baba yako ni nani." Attracta alitua sinia chini, pale sakafuni, akaenda akamshika mkono mmoja, na Festus akamshika wa pili, na uso wa Festus ulikuwa umelowa wala hakuufuta.

Wote wakamgeukia Colman. Mashahidi wake wawili walikuwa wakichunguza dari. Colman alikuwa akiizungusha kofia, akiizungusha, kama anayetafuta mahali ilipoanzia.

"Haya, cheka," Malachy akamwambia. "Mimi ningecheka."

"Naondoa pingamizi," alisema Colman.

"Kwa sababu gani?" aliuliza Tarpey, kalamu tayari.

"Andika, kijana analala Cloonavra. Ishia hapo." Akainua kidole. "Hayo mengine usiyaandike. Nikiyasikia posta, Tarpey, nitajua yametoka kwako."

Kisha akamwendea Enda, akasimama mbele yake, akamtazama kutoka chini kwa sababu kijana alimpita kwa kichwa kizima. "Mjomba wako ni mjinga," alisema. "Lakini Jumapili tutakukanyaga vilevile."

"Karibuni," alisema Enda, na kwa mara ya kwanza wiki ile akacheka meno yote nje.

Attracta aliokota sinia, akammiminia kaka yake chai, akaweka sukari vijiko vitatu kama anavyopenda tangu utoto. Chai ilikuwa imepoa. Colman akainywa yote.

*

Jumapili hiyo mvua ilinyesha, ikaacha, ikanyesha tena, kama kawaida yake. Watu wa parokia mbili walijaa uwanjani hadi juu ya kuta za mawe. Malachy aliwekewa kiti cha jikoni kando ya mstari, blanketi miguuni, na Mwalimu mkuu pembeni yake na mwavuli.

Mechi ilikuwa vita. Enda aliruka, akadaka, akakanyagwa, akainuka, akaruka. Yule wa goti bandia alifunga pointi moja ambayo mpaka leo anaisimulia kana kwamba zilikuwa sita. Festus alimtukana refa, Colman upande wa pili naye alimtukana refa huyohuyo kwa kosa hilohilo, kila mmoja akidai lake. Tullyfad waliongoza, Cloonavra wakasawazisha, Tullyfad wakaongoza tena. Mwisho kabisa, Enda alidaka mpira juu ya vichwa vinne, akageuka, akaupiga, ukapita juu ya mwamba wa goli, ambayo kwao ni pointi, na filimbi ikalia. Sare.

Kwa muda watu hawakujua wafanye nini, washangilie au wazomee. Basi wakafanya yote mawili. Fainali itarudiwa baada ya wiki mbili.

"Wiki mbili!" alisema Malachy. "Sasa nitalazimika kuziishi."

Watu walikuwa wakimiminika uwanjani, jezi za rangi mbili zimechanganyika, na Attracta, aliyesimama nyuma ya kiti, aliona mkwe wake ametulia ghafla, magoti ameyabana. Aliujua utulivu ule. Choo kilikuwa mwisho wa uwanja, nyuma ya goli la mbali, na katikati yake kulikuwa na Tullyfad nzima, mamia ya watu wamesimama kwenye matope. Aliinama kumnong'oneza kwamba ataleta gari, watawahi nyumbani.

Mzee akamsukuma kando kwa upole. Akaujaza upepo mapafuni, na sauti iliyotoka ilikuwa ya kapteni wa thelathini na tatu, ile ya kumwita mtu kutoka goli hadi goli.

"Enda! Njoo unipeleke msalani!"

Walio karibu waligeuka. Enda alikuwa amebebwa mabegani na wenzake; akawapiga vichwani wamshushe, akaja mbio, matope mpaka nyusi, akamshika babu yake mkono wa kulia, akamwinua. Mguu wa mzee ukateleza kwenye nyasi zilizolowa, na kabla Attracta hajafika, mkono mwingine uliushika ule wa kushoto. Ulikuwa wa Colman.

"Taratibu, mzee," alisema Colman. Kisha akainua kichwa akapaza sauti kwa watu wake. "Nyie! Pisheni!"

Tullyfad wakapisha. Waligawanyika pande mbili kutoka pale hadi mwisho wa uwanja, na mmoja akavua kofia, na wa pili, mvua inawanyeshea vichwani, mpaka wote walikuwa wamevua. Hakuna aliyecheka. Malachy Moylan alipita katikati yao hatua kwa hatua, kidevu juu, akiwasalimia wa kulia na wa kushoto kwa majina ya baba zao.

"Msinikimbize," aliwaambia waliomshika. "Mara ya mwisho kupita hapa nilikuwa nimebebwa, sikuona kitu."